Nipunguzie Kiuno

"Kaka, foleni inaanzia kule nyuma."

Fundi cherehani aligeuka. Saa nne asubuhi, dirisha la dawa la hospitali lilikuwa limefurika watu, na aliyemkemea alivaa gauni la maua madogo, bega moja limekaa kombo.

"Samahani, dada. Ila aliyekushonea bega hilo alikuwa na haraka kuliko mimi."

Yule dada alicheka hadi akaziba mdomo. Kabla hawajafika dirishani walishapeana namba.

Wiki tatu simu hazikupoa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nikikusikia tu nashiba."

"Muongo mkubwa wewe!"

Fundi alijua dada huyo ni muuguzi, hakuuliza wa kitengo gani. Yeye fundi alimwambia kuwa mama yake amelazwa hapo kwa vidonda vya tumbo. Huo ulikuwa uongo. Ilikuwa saratani isiyopona, ila yeye na shangazi yake walikubaliana kumficha mama ukweli, na uongo ukishazoeleka humponyoka mtu hata kwa mpenzi.

Ndipo siku moja akamkuta kipenzi chake kando ya kitanda cha mama, kamshika mkono, kifuani beji imeandikwa Tiba Shufaa. Wodi nzima ilijua hao huitwa kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona. Akamvuta koridoni.

"Umemwambia nini mama yangu?"

"Nimemuuliza maswali tu, mpenzi. Majibu ni yake, muulize mwenyewe."

"Usiniite mpenzi. Umemkatisha tamaa!"

Siku nne fundi hakupokea simu za muuguzi. Mama, kwa dawa mpya ya maumivu, alilala bila kuugulia. Fundi aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

Siku ya tano alileta gauni la buluu alilomshonea mama avae akipona, kwa vipimo vya zamani. Mama alilitandaza mapajani, akacheka.

"Hili la mwanamke mnene. Nipunguzie kiuno, nilivae wiki hii."

"Utanenepa, mama."

"Sinenepi, baba. Nilijua zamani. Nilinyamaza kwa vile ulikuwa unahangaika mno kunidanganya. Yule binti ndiye wa kwanza kuniuliza mimi nataka nini. Nataka maumivu yapoe, nirudi kwangu, na wewe usibaki peke yako."

Fundi alilia waziwazi, uso kwenye gauni. Kisha akatoka kupiga simu.

"Ni mimi, mjinga wako."

"Ninao wengi. Yupi?"

"Wa foleni. Nisamehe, mpenzi."

"Umenitesa. Nimekusamehe."

Jumamosi mama alikuwa nyumbani kwake, karibu na dirisha, gauni limemkaa sawasawa. Muuguzi alipofika na mkoba wa dawa, mama alivuta futi ya kupimia shingoni mwa mwanawe, akampa mkononi.

"Mpime."

"Gauni la nini, mama?"

"La harusi. Na usichelewe, kuna mgeni mmoja hana muda."

Fundi alimtazama muuguzi. "Utakubali kuwa wangu?"

Muuguzi aliweka mkoba chini, akainua mikono yake apimwe, machozi yakimtiririka.

"Pima. Na bega ulikalishe vizuri."