Malkia wa Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Cherehani alimsaidia baba yake kukoroga rangi. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu miguu yake haikutulia, na mdomo vilevile. Siku hiyo miguu ilihangaika kuliko kawaida, lakini mdomo ulikuwa kimya.

"Leo umemeza nini, mama?" baba alimtania. "Hata salamu hakuna!"

Baba alikuwa fundi wa kuandika mabango. Shule ilimwita aandike kwenye ukuta wa maktaba asili ya neno "Mwafrika", na katika shindano la darasani la kutafuta maelezo hayo, yalishinda ya Cherehani. Yalisema neno lilitungwa na malkia wa kale, maana yake "asiyeshindwa". Malkia huyo hakuwahi kuwapo. Cherehani alichoka kupekua vitabu, akamtunga kitandani.

Darasani hakukalika. Kupitia dirishani alimwona baba akiandika herufi kwa chaki kwanza, kama ilivyo kawaida yake, maana chaki hufutika. Baba alipoinama kuchovya brashi kwenye rangi, Cherehani alichomoka mbio.

"Baba, ngoja! Nimedanganya! Hakuna malkia!"

Brashi ikabaki hewani. Mwalimu, aliyemfuata nyuma, alisikia yote. Cherehani akaangua kilio. Aliona aibu, na alimhurumia baba aliyetoka jasho bure.

"Sasa ukweli ni upi?" Mwalimu aliuliza.

"Sijui, mwalimu."

"Haya, ingia tukautafute."

Walifungua vitabu vitatu. Kumbe Warumi wa kale waliwaita Afri watu fulani wa kaskazini mwa Afrika. Polepole jina likaenea hadi bara zima na watu wake wote. Je, Afri lenyewe lilitoka wapi? Kila kitabu kilikuwa na lake.

"Hapo tuandike nini, baba?" Cherehani aliuliza walipotoka nje.

"Andika kwamba haijulikani," baba alijibu, akifuta chaki kwa kitambaa kibichi. "Uongo wako ulikuwa mtamu, mwanangu. Hata mimi niliuamini, nikajivuna barabarani. Watoto wangapi wangeubeba hadi uzeeni? Kusema sijui si aibu. Aibu ni kuwalisha wenzako usichokijua."

Kisha akaandika maelezo mapya, akamkabidhi brashi. Cherehani akaandika sentensi mbili za mwisho mwenyewe, polepole: "Asili ya neno Afri haijulikani kwa hakika. Tunaendelea kutafuta."