Waya Ndani ya Manati ya Mektilda

Kila siku akitoka shule, Mektilda hubadilisha sare, hula kande zilizobaki mchana, kisha huchukua manati yake na kwenda kulinda alizeti za nyumbani kwao Mutuka. Ndege wa huko hawana adabu. Ukiwafukuza upande huu wanahamia upande ule, tena wanakuangalia. Mtoto aliyelinda alizeti tangu darasa la pili lazima ajue kulenga, na Mektilda sasa yuko darasa la sita.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipochaguliwa pamoja na Kindness na Wilbert kuiwakilisha shule yao kwenye mashindano ya manati huko Bagara. Kila mmoja angelenga makopo kwa mawe matano. Timu mbili za kwanza zingekwenda Arusha. Mektilda hakuwahi kulala nje ya Babati hata siku moja, na safari hiyo aliitaka kupita kiasi.

Zikiwa zimebaki siku tatu, mawe yake yakaanza kwenda kushoto. Alipochunguza, aliona kwamba mpira wa upande mmoja unateleza kwenye panda, kwa kuwa uzi ulioufunga umelegea. Alifunga upya, ukalegea tena. Sheria za vifaa zilikuwa zimebandikwa darasani: panda ya mti, mpira wa tyubu ya baiskeli, ukanda mmoja kila upande, vifungo vya uzi au mpira tu. Waya na misumari ni marufuku.

"Walimu nao kwa kukataza," alijisemea.

Akachomoa waya mwembamba kwenye banda la kuku, akaukaza kwenye panda kwa koleo, kisha akauzungushia mpira mweusi mpaka usionekane. Mawe yakanyooka. Lakini raha yake haikufika hata jioni, maana kila aliposhika manati alihisi ule waya chini ya kidole.

Asubuhi ya mashindano chai ilipoa mbele yake.

"Mbona hunywi?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, na hujala?"

Mektilda akachukua manati yake, akatoka.

Huko Bagara, mkaguzi wa vifaa alikuwa Mwalimu Anselmi, mtu mrefu asiye na haraka. Alizitundika manati moja moja ukutani, akaning'iniza chupa ya maji ya lita moja kwenye ngozi ya kuwekea jiwe. Mpira ukivutika mpaka kwenye mstari wa chaki, manati imepita. Usipofika, mpira ni mgumu kupita kiasi na manati inakataliwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Lete tuone." Chupa ilishuka mpaka kwenye mstari. Mwalimu akaminya vifungo kwa vidole. "Hapa umefunga kwa nini?"

"Kwa mpira, mwalimu."

Haukuwa uongo wote, kwa juu palikuwa na mpira kweli. Mwalimu Anselmi alichora alama ya kijani kwenye mpini, akamwita anayefuata.

Mektilda aliangusha makopo manne kati ya matano. Watu walipiga makofi, Wilbert akaruka juu. Yeye hakucheka. Akirudi kwenye benchi aliitazama manati yake, akaona mpasuko chini ya kifungo. Waya ulikuwa unakata mpira. Alifunika mahali pale kwa kiganja. Mimi nimeshamaliza, alijiambia, itaisha tu.

Wilbert akaangusha matatu. Kindness alipoingia alianza vizuri, akaangusha mawili. Alipovuta kwa jiwe la tatu, ngozi ya manati yake ikachanika. Sheria iliruhusu kuazima manati ya mwenzako wa timu ikiwa imeshakaguliwa.

"Mektilda, nipe yako! Muda unaisha!"

Mektilda aliganda. Wilbert akampokonya manati, akakimbia nayo kwa Kindness. Kindness akaweka jiwe, akafumba jicho la kushoto, akaanza kuvuta. Jicho lake la kulia lilikuwa nyuma kabisa ya ule mpasuko. Mpira ukikatika kwenye panda, ungerudi moja kwa moja usoni.

"Kindness, usivute!" Mektilda alipiga kelele. "Weka chini! Nimefunga kwa waya!"

Mwalimu Anselmi alikuja, akaichukua manati, akaibana panda kwenye nguzo ya goli. Aliwarudisha watoto nyuma, akageuza uso pembeni, akavuta kwa mkono ulionyooka. Mpira ulikatika kwa kishindo. Alipokunja mkono wa shati, palikuwa na mstari mwekundu uliovimba, urefu wa kidole. Alimwonyesha Kindness. Kindness akagusa jicho lake.

Alimalizia kwa manati ya Wilbert, asipate hata kopo moja. Makopo manne ya Mektilda yakafutwa. Timu ikawa ya tatu.

"Si ungenyamaza tu!" Wilbert alifoka. "Alibakiza mawe matatu! Tungekuwa tunakwenda Arusha!"

"Haya, Wilbert," Mwalimu Anselmi alisema. "Tuchagulie jicho la Kindness ambalo lingelipia hiyo safari. La kulia au la kushoto?"

Wilbert aliinamisha kichwa.

Mektilda alikuwa analia waziwazi. Mwalimu akachuchumaa mbele yake.

"Sheria ya waya haikuandikwa kukunyima ushindi, mwanangu. Iliandikwa kwa sababu ya hili uliloliona mkononi kwangu. Mimi nina vidole na chupa ya maji, siwezi kuona kila kilichofichwa. Mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenyewe unayefunga. Leo umedanganya, na wenzako wamekosa safari kwa sababu yako. Lakini ulipoona mtu ataumia, ulisema mbele ya watu wote, ukijua utapoteza. Siku nyingine sema mapema."

"Ndiyo, mwalimu." Akamgeukia Kindness. "Nisamehe."

Kindness akaitia mfukoni manati yake iliyochanika.

"Nimekasirika," alisema. "Na kesho bado nitakuwa nimekasirika." Kisha akamshika mkono. "Inuka, twende nyumbani."