Simu Iliyosafishwa Siku ya Jumatano

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naanza, Yeye ambaye mbele yake hakuna kilichofutika. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, hiki ni kisa cha mama mmoja wa Moshi na hofu iliyomshika siku mbili.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Mama huyo ni Zuleha, mkazi wa Majengo. Ni mtunza kumbukumbu katika ofisi ya umma iitwayo Bodi ya Mifereji ya Mteremko, ambayo kazi yake ni kugawa maji ya mlimani kwa wakulima. Mumewe ni Sadallah, fundi cherehani. Jirani yao ni Bi Hajira, aliyekuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na sasa amestaafu. Mkuu wa Zuleha kazini ni Bwana Ronald, Katibu wa Bodi. Na huko juu, Kirua Vunjo, yuko Mzee Ndelilio, mkulima wa kahawa na ndizi, mzee wa kanisa.

Zuleha alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba chombo cha watu hakirudishwi kichafu. Ukiazima sinia la shughuli, unalisugua kwa majivu hata ling'are, ndipo unalipeleka. Basi alipoambiwa kwamba simu ya ofisi, aliyoishika miaka minne, itakabidhiwa kwa mwenzake Stella, alifanya kama alivyofundishwa. Jumatano aliketi nayo akafuta mazungumzo yote, picha zote na sauti zote za wakulima. Hata kioo chake alikipangusa. Alhamisi asubuhi aliipeleka kwa Bwana Ronald, naye akaifungia katika chumba cha kompyuta. Ufunguo wa chumba hicho huwa mfukoni mwake.

Saa nne Bwana Ronald alimwita. Mezani palikuwa na barua iliyotoka kwa wakili wa Mzee Ndelilio. Mzee ameishitaki Bodi. Lango la mfereji lilipasuka wakati wa masika, maji yakaingia katika kihamba chake, yaani shamba la ukoo. Yaling'oa migomba na kufukua makaburi ya wazazi wake. Mzee alidai kuwa aliionya Bodi mara nyingi kwa ujumbe wa simu, lakini simu yake mwenyewe ilichukuliwa na maji hayo hayo. Barua iliitaka Bodi isifute wala kubadilisha kumbukumbu yoyote inayohusu lango hilo, iwe ya karatasi, ya kompyuta au ya simu, mpaka mahakama itakapomaliza kazi yake.

Kando ya barua ilikuwapo bahasha. Juu ya bahasha palikuwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe ya Jumatatu, na saini ya Zuleha. Aliipokea ikiwa imefungwa, kwa kuwa iliandikwa jina la Katibu. Katibu alikuwa safarini Dodoma. Bahasha ililala kwenye trei siku tatu, na hakuna aliyethubutu kuifungua.

Bwana Ronald alimuuliza kama ujumbe wa mzee ulikuwa katika ile simu. Zuleha alijibu kwamba ulikuwamo, na kwamba ameufuta jana.

Katibu aliinuka, akafunga mlango. Aliporudi hakuketi.

"Mama Abdulkarim," alisema kwa sauti ya chini, "mhuri ule una magurudumu ya tarehe. Mtu akiyazungusha na kugonga bahasha nyingine, barua itakuwa imefika leo. Nenda ukafikiri."

Zuleha alitoka. Barua ilifika Jumatatu kwa saini yake. Ujumbe ulifutwa Jumatano kwa mkono wake. Ni hakimu gani atakayeamini kwamba hakujua? Alijiona kizimbani. Alimwona Abdulkarim, mwanawe, akija kumtazama kupitia nondo. Njia nzima ya kurudi nyumbani, kila gari lililopunguza mwendo nyuma yake lilimfanya ageuke.

Nyumbani alimweleza mumewe. Sadallah aliacha kukanyaga cherehani. Yeye naye aliogopa, na hofu yake ikamtuma kusema neno baya. Alisema kwamba simu huibiwa kila siku mjini, hata iliyofungiwa, na kwamba mto haukosi mahali penye kina. Kisha akajishika kichwa, akasema hakukusudia.

Baada ya sala ya alasiri Zuleha alivuka uchochoro kwenda kwa Bi Hajira. Alimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo, Bi Hajira."

"Marahaba, mwanangu. Mbona una sura ya mtu aliyepimiwa sanda? Keti. Chukua maharage nawe, usilie bure."

Zuleha alisimulia yote, hata habari ya mhuri, hata habari ya mto. Bi Hajira alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akamweleza kwa maneno mepesi. Watu wawili wanaposhitakiana, kila mmoja ana haki ya kuona kumbukumbu alizonazo mwenzake zinazohusu kesi. Ofisi ya umma nayo imo katika kanuni hiyo. Tena imo zaidi, maana kumbukumbu zake si mali ya Katibu wala ya mtunza kumbukumbu. Ni amana ya wananchi. Ujumbe wa simu ni kumbukumbu kama faili lilivyo. Picha ni kumbukumbu. Sauti ni kumbukumbu. Ofisi ikishajua kwamba kuna kesi, au hata kwamba kesi inakuja, mikono yote huondoka kwenye kitufe cha kufuta.

"Mimi sikujua, Bi Hajira. Wallahi sikujua."

"Nakuamini. Lakini sikiliza. Niliwahi kumwona karani mwenzako mahakamani. Alipoteza karatasi moja kwa uzembe. Kwa uzembe angepewa karipio. Akaandika karatasi nyingine ya uongo ili kuifunika. Ile ya pili ndiyo iliyompeleka Karanga."

Zuleha alijua gereza la Karanga. Maharage yalimponyoka mkononi.

Bi Hajira akamwonya asiguse tena simu ile, asijaribu kuirekebisha, asimpe fundi wa mtaani. Akamwambia aandike leo hii alichofanya, siku gani, saa ngapi na kwa nini, bila kupamba. Kisha akauliza swali lililobadilisha mambo.

"Ofisini kwenu kuna mashine yoyote inayofuta yenyewe, bila mtu kuiambia?"

Zuleha akashika mdomo. Kompyuta kuu hunakili yote yaliyomo katika simu na kompyuta za ofisi kila Ijumaa saa sita mchana. Fundi wa kompyuta aliichagua saa hiyo kwa sababu Waislamu huwa msikitini na wengine huwa kwenye chakula, mashine zikawa zimepumzika. Nakala mpya huifuta ile ya juma lililopita.

"Ijumaa iliyopita simu ilikuwa imejaa," alisema.

"Na kesho?"

"Kesho itanakiliwa ikiwa tupu. Ile iliyojaa itakwisha."

"Basi una mpaka saa sita," alisema Bi Hajira, na kwa mara ya kwanza sauti yake nayo ilikuwa na hofu.

Ijumaa saa mbili Zuleha alikuwa katika ofisi ya wakili wa Bodi. Wakili alikuwa mahakamani. Karani wake alipokea maelezo ya Zuleha, akagonga mhuri kwenye nakala yake. Alipofika kazini, Bwana Ronald hakuwapo. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Alimpigia, simu ikaita bila kupokewa. Saa tano na nusu ndipo alipoingia, na aliposikia habari ya nakala ya Ijumaa, alitazama saa ya ukutani.

"Tutazungumza saa nane, Bi Zuleha. Nendeni mkasali."

Zuleha hakuondoka. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha kompyuta.

"Bwana Katibu, maelezo yangu yako kwa wakili tangu asubuhi. Nimeandika kwamba nakala ipo, na kwamba itajifuta leo saa sita. Nilichofuta Jumatano kilikuwa ujinga wangu. Kitakachofutika leo kitakuwa kusudi letu, mimi na wewe."

Adhana ya kwanza ya Ijumaa ikasikika kutoka msikitini. Bwana Ronald aliegemea ukuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Nilizisoma jumbe za mzee, kila uliponiletea simu," alisema. "Zote. Nikamjibu mzee kwamba tumepokea. Nikasema nitatuma mafundi, kisha nikasahau. Sasa unaelewa?"

"Naelewa. Fungua, baba. Zimebaki dakika kumi."

Alitoa ufunguo. Wakaingia pamoja, wakamwita Stella awe shahidi. Walisimamisha kwanza kazi ya kunakili, kama fundi wa kompyuta alivyoelekeza kwa simu, kisha wakachomoa diski yenye nakala bila kuifungua. Waliitia katika bahasha pamoja na kuandika namba yake, saa, na majina ya waliokuwapo. Wote watatu wakatia saini juu ya gundi. Simu nayo wakaifunga vivyo hivyo. Ilipotimia saa sita, mashine haikufanya lolote.

Nakala ilipofunguliwa na mtaalamu mbele ya mawakili wa pande zote mbili, zilionekana jumbe kumi na moja za Mzee Ndelilio, na picha nne za ufa wa lango, zikiwa na tarehe zake. Bodi haikubishana tena. Ilikiri kosa, ikamfidia mzee, ikajenga lango jipya la zege, na makaburi yakafunikwa upya kwa heshima. Bwana Ronald aliondolewa katika ukatibu. Zuleha alipewa onyo la maandishi, akabaki kazini. Hakuna aliyemshitaki. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa kila aliposikia hodi moyo ulimruka.

Siku hizi barua ya wakili au ya mahakama hufunguliwa siku ile ile, Katibu awepo au asiwepo. Siku hiyo hiyo wafanyakazi wote hupewa tangazo la kutofuta, na mashine zinazojifuta husimamishwa. Nakala mpya haikai tena juu ya ile ya zamani. Na simu haihami mkono kabla yaliyomo hayajahifadhiwa.

Mzee Ndelilio alishuka mjini siku moja, akauliza alipo mama wa kumbukumbu. Zuleha alisimama, akamwamkia, akaanza kuomba radhi. Mzee akamzuia.

"Mama, maji yamenichukulia simu, ninyi mkanifutia ujumbe. Nilidhani nimekuwa mwongo mbele ya watoto wangu. Sasa wamesoma wenyewe niliyoyaandika."

Alimpa mkono, akaenda zake.

Ewe Mola, warehemu waliotangulia na uyahifadhi makaburi yao. Nao waliobaki, walioketi penye meza za umma wakiwa na amana za watu mikononi, waondolee hofu inayowafanya wafiche, uwape hofu yako inayowafanya waseme kweli. Wabariki wao, na vizazi vyao, na kila mnyonge anayesubiri haki yake. Amin.