Kasoki na Penso za Arusi

Kila asubuhi Kasoki anafungua mlango wa chumba chake cha kazi. Ni chumba cha mbao, kando ya barabara ya Keshero, mjini Goma. Ndani kuna kiti, kioo na meza. Juu ya meza kuna kikombe, na ndani ya kikombe penso zinasimama, kubwa na ndogo.

Penso ni zile brashi za kupaka uso. Kuna pana ya pudri. Kuna ya fondoteni, ile rangi ya majimaji yenye kufunika ngozi yote. Kuna ndogo za macho. Kasoki anazijua zote kwa mkono, hata akifumba macho.

Barabarani pikipiki zinapita, na chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba bidoni za maji ya ziwa. Kila moja ikipita inarusha vumbi nyeusi ya volkano. Vumbi ile haiombi ruhusa. Inaingia kwenye chai, inaingia kitandani, inaingia kwenye kikombe cha penso. Zamani Kasoki alikuwa anachukua penso, anaipuliza "fuu!", anaipangusa kwa kitenge chake, na kuanza kazi.

Kuosha? Hakuosha hata siku moja. Mama aliyemfundisha kazi kule Butembo alimwambia: "Penso ikioshwa inapoteza mukono." Alimaanisha kwamba inasahau kazi yake. Na mabibi-arusi nao walikuwa na neno lao. Mmoja aliketi kwenye kiti, akauliza:

"Mama Kasoki, penso yenye ilipaka Rosette siku ya ndoa ni gani?"

"Ni hii."

"Basi unipake na hiyo. Rosette alipata bwana mupole. Na mimi niguse ile baraka."

Kasoki alicheka, akampaka. Na aliyefuata akaomba penso ileile, na mwingine tena. Ilipita uso kwa uso. Hakuna aliyeuliza imebeba nini kutoka kwenye nyuso zile zote.

Kisha zamu ikafika nyumbani kwao.

Kasoki ana mdogo wake, jina lake Joyeuse. Joyeuse alipata mchumba, na siku ya kutoa mahari ikafika. Jamaa walikuja kutoka Butembo. Kati yao alikuwa tantine Eugénie, dada ya baba yao. Alifika na macho mekundu.

"Ni vumbi ya njia tu," alisema. "Kasoki, nipake. Na unianze mimi. Mukubwa hangojei watoto."

Kasoki alimpaka. Alipomaliza, alimpaka Joyeuse kwa penso zilezile. Watu walisifu, nyimbo zikaimbwa, mbuzi wakahesabiwa, kila mtu akaenda kulala akiwa na furaha.

Baada ya siku chache Joyeuse alikuja chumbani kwa Kasoki. Alijifunika kitenge mpaka usoni.

"Yaya," alimwita dada yake mkubwa, "niangalie."

Alifunua. Jicho moja lilikuwa limevimba. Kope zilikuwa zimegandamana kwa usaha. Mashavu yalijaa vipele.

"Yesu wangu! Ni nini hiyo?"

"Ni weye njo nakuuliza. Ni weye njo ulinishika uso."

"Labda ulikula kitu kibaya. Ao ulipaka zile krimu za soko la Birere."

"Sikupaka kitu kingine. Yaya, arusi ni mwezi ujao. Nitasimama mbele ya padri na jicho kama hili? Siku ile usinipake."

"Joyeuse! Mimi ninapaka Keshero yote, na mudogo wangu apakwe na nani?"

"Na mutu mwingine. Ao nitaingia kanisani na uso wenye Mungu alinipa."

Neno hilo lilimchoma Kasoki. Ni yeye aliyemsuka Joyeuse nywele tangu utoto. Ni yeye aliyemvalisha gauni la komunyo. Kumpaka siku ya ndoa ni jambo alilolingoja kwa miaka. Lakini hakubishana. Alimshika mdogo wake mkono, wakaenda kwa jirani.

Jirani huyo ni mama Donatille. Yeye ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Alimketisha Joyeuse kwenye mwanga, akaangalia jicho, akaangalia mashavu. Kisha akamgeukia Kasoki.

"Penso ya macho, uliipitisha kwa nani kabla ya Joyeuse?"

"Kwa tantine Eugénie."

"Na macho ya tantine yalikuwa namna gani?"

"Mekundu. Alisema ni vumbi."

"Kope zake ziligandamana asubuhi?"

Joyeuse ndiye aliyejibu. "Ndiyo. Aliomba maji ya kuzifungulia."

"Basi haikuwa vumbi," mama Donatille alisema. "Ugonjwa wa macho unatembea. Unapanda juu ya mikono, juu ya taulo, juu ya penso. Na hivi vipele, angalia. Nywele za penso zinakamata mafuta ya ngozi, jasho, pudri ya zamani. Vijidudu vinakaa mule, vinazaana. Halafu weye unavipeleka kwa uso mwingine, tena unavisugua vizuri viingie."

Kasoki aliinamisha kichwa. "Lakini mama, walinifundisha kwamba penso ikioshwa inapoteza mukono."

"Kijiko chako cha kukulia, unakioshaka?"

"Kila siku!"

"Na kimesahau njia ya kinywa?"

Joyeuse alicheka, jicho moja wazi, lingine limefumba.

"Sikia," mama Donatille aliendelea. "Mutu anayejipaka yeye mwenyewe, aoshe penso zake kila wiki. Eponji, ile sifongo ya kupakia, aioshe kila akiitumia, kwa sababu inabaki na maji ndani. Lakini weye unapaka watu. Kwako sheria ni ingine. Penso ikiisha kugusa uso mumoja, haigusi uso mwingine mpaka ioshwe na ikauke. Na ile brashi ya wino wa kope, kila mutu na yake. Yenye iligusa jicho gonjwa, uitupe na wino wake."

Alimpa Joyeuse dawa ya macho. Akamwambia atumie taulo yake peke yake, aoshe mikono, na asipake kitu usoni mpaka apone. Tantine naye alitumiwa habari, aende kwenye kituo cha afya.

Kasoki alirudi nyumbani na moto moyoni. Alitaka kurekebisha mambo siku ileile. Na hapa alifanya kosa ambalo mtu wa Goma analifanya kwa nia njema kabisa. Mji huu umejua kipindupindu. Umejua Ebola. Tumenawa kwa maji ya klori kwenye kila mlango. Basi sisi hapa, ukitutajia vijidudu, mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa ya Javel, ile dawa kali ya klori.

Alimwaga Javel kwenye beseni, bila maji. Akatumbukiza penso, kichwa na mkia. Akaziacha humo mpaka harufu ikampiga puani. Kisha akazisimamisha karibu na mbabula, pale maharagwe yalipokuwa yanachemka juu ya makaa, ili zikauke haraka.

Upande wa pili wa ua, Papa Barthélemy alikuwa juu ya ngazi. Ni mchoraji. Siku ile alikuwa anaandika jina la duka kwenye ukuta wa jirani. Alinusa hewa.

"Mama Kasoki! Leo unachoma mbuzi na hujatuita?"

Kasoki alikimbilia mbabula. Alishika penso ya pudri, nywele zikabaki mkononi. Alishika ya fondoteni, kichwa kikaanguka. Ile iliyompaka Rosette ilikuwa kijiti kitupu.

"Papa Barthélemy, usinicheke. Penso zangu zimekufa."

"Hazikufa. Ni weye umeziua." Alishuka ngazi, akiwa na rangi ya kijani mpaka kwenye ndevu. "Javel ni ya choo na ya sakafu. Inakula nywele. Na ikibaki ndani itamuunguza mutu ngozi. Zimebaki zingine?"

"Ziko kidogo, kwenye mufuko wa safari."

"Leta. Na maji ya vuguvugu, na sabuni laini ya kuogeshea mutoto."

Kasoki alileta. Papa Barthélemy alichukua penso moja, akamwonyesha ile pete ya chuma inayoshika nywele.

"Unaona hapa? Ndani kuna gundi. Maji yakiingia, gundi inalegea, nywele zinatoka. Moto nao ni vilevile. Kwa hiyo usiizamishe yote. Lowesha nywele tu. Na kichwa kiangalie chini siku zote, maji yashuke, yasipande."

Aliweka sabuni kidogo kwenye kiganja cha Kasoki. "Sasa izungushe hapo. Polepole. Hausugui sufuria."

Kasoki alizungusha. Povu likatoka la rangi ya udongo. Alisuuza kwa kumimina maji juu ya beseni, akarudia. Likatoka la pinki, kisha la kijivu. Alirudia mpaka maji yaliyodondoka kwenye penso yakawa meupe.

"Sasa ikamue na kitambaa safi. Usiivute. Irudishie umbo lake na vidole. Halafu ilaze kwenye ukingo wa meza, nywele zitokeze inje, hewa ipite chini na juu. Usiisimamishe kwenye kikombe ingali na maji. Funika na kitambaa chepesi, kwa sababu ya ile vumbi yetu."

"Na ikauke kwa muda gani?"

"Ilale usiku muzima. Ile kubwa pengine na kesho yake. Ukiifungia kwenye mufuko ingali mbichi, itaoza."

"Na kama niko na haraka?"

"Penso haijui haraka yako. Tafuta ingine safi, ao tumia pamba mupya."

Papa Barthélemy akapanda tena ngazi yake. Kasoki hakumwaga maji machafu yaliyojaa kwenye beseni. Aliyabeba mpaka kwa Joyeuse. Yalikuwa mazito, yana rangi ya mchuzi wa maharagwe uliolala.

Joyeuse aliangalia ndani. "Hiyo yote ilikuwa juu ya uso wangu?"

"Yako, na ya watu wengi. Ni mimi njo niliileta. Sikujua, lakini ni mukono wangu. Unisamehe, mudogo wangu."

Joyeuse alisukuma beseni pembeni. "Nimekusamehe, yaya. Siku ya arusi utapaka wasichana wa kunisindikiza. Mimi nitaangalia. Lakini uso wangu, bado ninaogopa."

Kasoki hakumsukuma. Alianza upya. Alinunua penso chache chache, kila alipoweza. Kila jioni aliosha zilizofanya kazi. Mteja akija wakati penso zingali mbichi, alimwambia bila kuficha: "Mama, leo nitakupaka na pamba na vidole vyangu, na utaniona nikinawa." Wengine waliguna. Mmoja aliondoka. Wengi walikaa.

Siku ya arusi ikafika. Joyeuse alikuwa amepona, ngozi yake imetulia. Chumba cha kuvalia kilijaa wasichana, mapini ya nywele na kelele. Kasoki alitandika taulo safi mezani. Juu yake alipanga vifurushi vya kitambaa, kila msichana na cha kwake. Chini ya meza aliweka sanduku la plastiki. Penso iliyomaliza uso iliingia humo, na haikutoka. Kati ya msichana na msichana alinawa mikono kwa sabuni. Joyeuse alisimama dirishani, mikono kifuani, akiangalia yote.

Alipomaliza kumpaka Clarisse, msindikizaji wa mwisho, honi ya gari ililia nje. Tantine Eugénie aliingia, akakaa kwenye kiti kwa nguvu.

"Haraka, Kasoki, nipake na hiyo yenye iko mukononi mwako. Rangi ingali juu yake, kwa nini ipotee?"

"Tantine, unisamehe. Hii imekwisha kazi ya leo."

"Unanikatalia? Mimi? Mimi mwenye nilikubeba mugongoni?"

Katika jamaa yao, dada ya baba hakataliwi, na zaidi siku ya arusi. Honi ililia tena. Penso ilikuwa mkononi. Ingekuwa kitu cha dakika moja tu, na amani ingerudi.

Kasoki aliiweka kwenye sanduku. Kisha alipiga magoti mbele ya kiti, akashika mikono ya tantine.

"Ni juu ya heshima njo ninakataa. Nichukue jasho la watoto hawa, nilipake kwa uso wa mama yangu? Hapana. Hii hapa pamba mupya. Haijagusa mutu."

Tantine Eugénie alimwangalia. Aliangalia pamba. Akavuta pumzi.

"Umekuwa mugumu kama mawe ya volkano. Basi, leta hiyo pamba. Lakini nikitoka mubaya kwenye picha, nitakushitaki kwa padri."

Wasichana waliangua kicheko. Kasoki alinawa, akampaka tantine, na tantine akatoka vizuri.

Alipogeuka, Joyeuse alikuwa hayuko tena dirishani. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile, gauni lake limejaa mpaka sakafuni.

"Yaya, hakuna penso zimebaki?"

Kasoki aliinama, akatoa kwenye mfuko wake kifurushi kimoja, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alikifungua. Penso zilikuwa safi, kavu, laini, hazijaguswa.

"Ni za nani hizo?"

"Ni zako."

"Ulijuaje kama nitakubali?"

"Sikujua. Niliosha tu."

Joyeuse alifumba macho, akainua uso.

Baada ya arusi hakuna aliyeumwa macho, si msichana, si tantine. Juma lililofuata simu ya Kasoki ililia. Alikuwa Joyeuse, anapiga kutoka nyumba yake mpya.

"Yaya, rangi yote niliinawa usiku wa arusi. Ninajiangalia kwenye kioo."

"Na unaona nini?"

"Ninaona Joyeuse. Hakuna hata kipele kimoja."

Kasoki alikaa chini. Mikono yake ilikuwa na povu la kuoshea penso mpaka kwenye viwiko.