Kopo la Vidonge la Fundi Cherehani

Fundi aliishi na cherehani, redio mbovu na kimya. Mkewe alifariki mwaka uliopita. Tangu hapo alikunywa chai na mkate, asubuhi na jioni. Chakula cha maana alikipata kwa majirani, tena harufu tu.

Siku hizo kazi zilimharibikia. Suruali ya mwalimu iligoma kupita magotini. Gauni la mkunga lingetosha wakunga wawili.

"Kichwa kimekwisha," aliwaza. "Wateja wakinikimbia, nitaongea na nani?"

Akanunua kopo la vidonge vya fosfatidilikolini. Muuzaji alimwapia kwamba vinarudisha kumbukumbu. Fundi akameza kimoja. Kisha akameza kingine, maana hakukumbuka kama kile cha kwanza amekimeza. Ikawa hivyo kila siku.

Siku ya nne, tumbo lilikimbia kuliko cherehani. Jirani yake, mfamasia, alimwona akitoka chooni mara ya tano.

"Baba, uko kwenye mazoezi?"

"Natibu kichwa, mwanangu."

"Kwa kupitia huko?"

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akamletea kopo.

"Hiki ni kirutubisho," mfamasia akasema. "Kimo hata kwenye mayai, soya na maini. Haijathibitika kwamba kinarudisha kumbukumbu. Ukizidisha, utahara, utatoka jasho, utasikia kichefuchefu. Acha kwanza. Kesho twende kwa daktari akupime. Na siku nyingine uliza kabla ya kumeza."

"Lakini vipimo vya wateja vinanitoka."

"Zamani uliviandika wapi?"

Fundi akakitazama kiti kitupu kando ya cherehani.

"Sikuandika. Nilipima, nikatamka. Marehemu ndiye aliyevishika kichwani."

"Basi hujasahau, baba. Hukuwahi kukumbuka."

Fundi akainama, akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Daktari alimpima, hakuona ugonjwa. Alimwambia kwamba majonzi na kula ovyo huchosha akili. Fundi akanunua daftari. Jioni akaanza kula kwa jirani.

Wiki ya tatu, dereva alijaribu suruali yake mpya. Akachuchumaa, akainuka. Haikubana. Palepale akaagiza nyingine, akaenda zake. Nyumba ikarudi kwenye kimya chake.

"Baba, chakula kinapoa," mfamasia akaita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Naandika suruali ya pili ya dereva. Huku sina wa kunikumbusha."

"Tupo, baba. Lakini andika."