Bega la Kasiano

Kasiano ni mkulima wa Buhinyuza, huko Muyinga. Alikulia kambini Tanzania, akarudi Burundi na mkewe Jeska. Wanalima maharage na mihogo.

Kila asubuhi Kasiano aliwasha redio kabla ya kunawa uso. Vita huku. Watu wanafukuzwa kule. Waliochoma nyumba za wenzao wanakula na kushiba. Redio ilikwenda naye shambani, jioni ikarudi naye.

Siku moja jembe lilibaki mlangoni.

"Baba Fredi, maharage yanasongwa na magugu," Jeska alisema.

"Nipalilie ili iweje? Watoto wa watu wanauawa, mimi napalilia?"

"Na hawa wa kwako wale redio?"

Jirani yao Paskazia alisikia. Yeye ni mhamasishaji wa afya wa kilima, yaani wa kijiji chao. Alizaliwa Giheta, karibu na Gitega, akaolewa Buhinyuza. Aliingia, akakaa, akazima redio bila kuomba ruhusa.

"Jirani, we unalala kweli?"

"Silali. Nilikuwa mtoto tulipokimbia, na nakumbuka kila kitu. Sasa wengine wanakimbia vilevile, na mimi siwezi kitu. Mimi ni nani?"

"Hasira yako si ugonjwa," Paskazia alisema. "Ubaya ni kusikiliza mchana kutwa, peke yako, mikono imekaa tu. Hapo moyo unachoka. Sikiliza habari mara moja, kisha zima. Zungumza na wenzako. Halafu tafuta uonevu ambao mkono wako unaufikia. Mmoja tu. Na usiende peke yako."

"Hapa kilimani kuna uonevu gani?"

"Eh! Uko mlangoni kwako! Lucia ana mimba, na mume wake yuko mbali. Uso umevimba, kichwa kinamuuma. Hiyo ni hatari. Lazima afike kituo cha afya leo. Nani atambeba?"

Kasiano alitazama nje. Njia inashuka bondeni, gari halipiti. Mgonjwa hubebwa kwa ingobyi, machela ya kusuka ya kilima. Kila nyumba ya chama cha ingobyi hutoa mbebaji. Lakini waliorudi kutoka Tanzania, kama Lucia na Kasiano, hawakuwa chamani. Hakuna aliyewaita. Nao hawakuomba. Kambini walifundishwa kungoja. Kungoja chakula, kungoja turubai, kungoja gari la wagonjwa. Walirudishwa kwao, lakini kungoja hawakuvuliwa.

Kasiano aliinuka. Aliwaita Yakobo na Dominiko, waliorudi kama yeye. Wakaenda na Paskazia kwa Kastori, kiongozi wa chama.

Kastori alicheka. "Watu wa Tanzania! Kiswahili mmekuja nacho kizuri. Mabega mmeyaacha kambini?"

"Mabega ni haya," Kasiano alisema. "Tumechelewa kuyaleta, nakubali. Lakini nanyi hamkutuita hata siku moja. Tunalima pamoja. Tunazika pamoja. Mtoto wa Lucia atazaliwa hapa. Naye mtamwita mtu wa Tanzania?"

Kicheko kilikatika. Kastori aliingia ndani, akatoka na ingobyi.

"Shika mbele," alimwambia Kasiano. "Kwenye mteremko, mbele ndiko kuzito. Tuone."

Walimlaza Lucia, wakashuka bondeni wakipokezana. Jasho lilimtiririka Kasiano, lakini hakuyumba. Wapita njia waliwapisha. Mmoja aliuliza, "Hao wabebaji wapya ni wa wapi?"

Kastori alijibu kwa sauti kubwa, "Ni wa kwetu!"

Kasiano alinyoosha shingo. Alitembea kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu.

Lucia alitibiwa, na baadaye akajifungua salama mtoto wa kike. Leo nyumba zote za waliorudi zimo chamani. Mtu akiugua, hakuna anayeuliza alikulia wapi.

Dunia haijapona. Hata jioni ile ya kwanza, Kasiano alisikiliza habari, akakasirika, akazima redio. Kisha akala. Jeska alileta maji ya moto amkande bega.

"Ngoja kidogo, mama Fredi," alisema. "Acha nilisikie. Leo limebeba watu wawili."

Asubuhi, jembe halikuwa mlangoni.