Sekunde Kumi na Tisa za Shangazi Marselina

Hadi leo Editha hajajua zile sekunde kumi na tisa zilitoka wapi. Amewauliza mafundi wawili wa kompyuta mjini Dodoma. Mmoja alicheka. Wa pili aliangalia mara moja, akaomba flashi ile isiachwe ofisini kwake.

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, Makole, upepo wa Agosti ukipiga mabati na kuingiza vumbi chini ya mlango. Mama yake, Emiliana, alikuwa ametimiza miaka sabini, na Jumapili ingekuwa ibada ya shukrani. Editha alitaka ndugu wakishakula wakae sebuleni waangalie video za zamani. Kanda alizoacha marehemu baba zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye flashi. Kilichobaki ni kupanga vipande kwenye programu ya bure, kukata panapochosha, kuunganisha, kuhifadhi. Kazi ya mtu yeyote mwenye subira.

Mama alipita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yake. Kwenye kioo ilikuwa harusi ya Kibakwe, mwaka tisini na sita. Mwanamke mwembamba alipita mbele ya benchi la wazee amebeba sinia la pilau, anacheka.

"Huyo mtoe."

"Si shangazi Marselina huyu, mama?"

"Nimesema mtoe. Hatakaa kwenye shukrani yangu."

Editha alijua tu kwamba jina la dada yake baba halitajwi mezani. Akakata. Sekunde kumi na tisa. Akahifadhi, akaifungua filamu nzima kuikagua. Urefu ulikuwa uleule.

Denis, mdogo wake, akacheka kutoka kwenye kochi. "Dada, umeshindwa kumkata shangazi? Na ulivyojisifu jana!"

"Acha maneno. Njoo uone."

Shangazi alikuwepo. Lakini sinia hakuwa nalo, wala hakucheka. Kwenye benchi walikaa wanne: babu Ebenezer, baba, mjomba Obedi, mama. Shangazi alipiga goti mbele ya babu, akanyoosha mkono. Midomo ilisema shikamoo. Babu hakujibu. Akasogea kwa baba, kaka yake wa tumbo moja. Mkono ukabaki hewani. Baba alitazama mbele kama anayetazama ukuta.

"Kanda zimeingiliana," Denis alisema. Lakini hakurudi kwenye kochi.

Editha akakata tena, akahifadhi tena. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali dirishani. Safari hii shangazi alianza kwa baba, akaishia kwa mjomba Obedi. Alikaa pale amepiga goti muda mrefu. Muda mrefu mno kwa sekunde kumi na tisa.

Saa kumi simu iliita kutoka Kibakwe. Mjomba alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Aliinamisha kichwa, wakadhani anasinzia. Walipomgusa alikuwa ameshapoa. Mkono wake wa kulia alikuwa ameukalia.

Editha alihesabu bila kutaka. Babu ndiye aliyetangulia. Kisha baba. Sasa mjomba. Kwenye benchi alibaki mmoja.

Asubuhi, kabla ya kwenda msibani, Denis alichomeka flashi ili afute kila kitu. Kile kipicha kidogo kwenye faili kilikuwa kimebadilika. Goti la shangazi. Kitenge cha mama. Denis aliondoa kidole ghafla bila kufuta, kama mtu aliyegusa jiko.

Ibada iliahirishwa. Siku ya kuanua matanga, pale Kibakwe, Editha aliwaeleza ndugu alichokiona. Alitarajia wamkatalie. Hakuna aliyemkatalia. Mama ndiye aliyeanza kusema, macho chini.

"Baada ya harusi ile nilimzika Elisha wangu, mtoto wa miezi mitano. Marselina ndiye aliyembeba mwisho. Nikasema ni yeye. Sikuwa na jingine la kusema."

"Tukakubaliana asisalimiwe," alisema shangazi Lea, aliyekuwa bibi harusi kwenye kanda ile. "Kitongoji kizima. Akipita na shikamoo yake, sisi tunaangalia mlima. Alivumilia mwaka mmoja. Akaenda Bahi kulima mpunga wa watu, akafia huko."

"Hakuna hata mmoja aliyejibu?" Denis aliuliza.

"Hata mtoto."

Mwaka ule Editha alikuwa na miaka tisa.

Mmoja alitaka aitwe mganga. Mwingine alitaka flashi ichomwe. Lea alikataa. "Hajaomba damu. Ameomba salamu." Basi ikaamuliwa: kipande cha sinia kirudishwe mahali pake, na shikamoo ijibiwe. Aijibu yule aliyeanza kuinyamazisha.

Mama alitimiza hilo Jumamosi, saa sita mchana, sebuleni Makole, milango yote wazi. Denis alipotaka kumshika bega, alimsukuma. "Kaa huko. Hukuitwa wewe."

Editha alibonyeza. Sinia likapita, kicheko kikapita. Na baada yake, bila mtu kuziweka, zikaja zile sekunde. Shangazi alikuwa amepiga goti mbele ya mama kijana. Mama mzee akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea televisheni.

"Marahaba, wifi," alinong'ona. "Marahaba, Marselina."

Vidole vyake vilikunjika juu ya hewa. Vikabana. Mwili wake wote ulivutwa mbele, taratibu, kama unavyovutwa na mtu mzito anayeshika mkono wako ili ainuke kutoka chini. Akajikaza. Hakuachia. Kisha akaachiwa.

Kioo kikawa cheusi. Mama alibaki amesimama, anahema. Mgongoni mwa kiganja chake palikuwa na alama nne za vidole, nyembamba, zilizozama. Wiki iliyofuata, kanisani, watu walipopanga foleni kumpa mkono wa pongezi, zilikuwa bado zipo.